Mbwa Akitokewa na Uvimbe Ghafla, Usishike Wembe



Kila mtu katika skimu ajua kazi ya mbwa. Ndiye askari wa usiku asiyedai mshahara. Hulinda ng'ombe wa maziwa, kuku na mahindi yaliyo ghalani, na katika mashamba yaliyo karibu na misitu ya Mau na Dundori huwafukuza nyani na nguruwe mwitu kabla hawajamaliza viazi. Lakini ng'ombe akikohoa mara moja, mwenyewe hupiga simu kwa Bwana Mifugo saa ileile. Mbwa akiamka na uvimbe shavuni, watu husema, "Ah, ni mbwa tu, utapoa wenyewe." Au mtu huingia nyumbani akatoka na wembe.

Makala haya ni juu ya uvimbe huo unaoonekana asubuhi moja na jana haukuwako. Tutaeleza jinsi ya kuutazama, upi wa kukimbizwa kwa daktari leo leo na upi waweza kungoja. Ukisoma mpaka mwisho utaona kwamba shauri hili si la mbwa peke yake. Pengine ni la mtoto wako pia.

MAMBO MATATU YA KUACHA

La kwanza ni wembe. Uvimbe waweza kuwa jipu lenye usaha. Lakini pia waweza kuwa damu iliyokusanyika chini ya ngozi, au utumbo uliopenya tunduni, yaani ngiri, au saratani. Chini ya manyoya vyote hivi hufanana, na hata mtu mwenye macho makali hawezi kuvitambua kwa kutazama tu. Ukikata jipu changa, utamwaga damu na usaha hutauona. Ukikata ngiri, umekata utumbo na mbwa atakufa. Ukikata saratani, hutaimaliza. Utaacha kidonda kisichofunga.

La pili ni kuchoma na kupaka. Wako watu wanaochoma uvimbe kwa chuma cha moto, na wengine hupaka mafuta machafu ya gari, mafuta ya taa au maji ya betri. Vitu hivi huunguza ngozi na kuongeza kidonda juu ya ugonjwa. Tena mbwa hujilamba. Chochote umpakacho kwenye ngozi, kabla ya jioni kimekwisha kuingia tumboni mwake.

La tatu ni dawa zilizobaki nyumbani. Vidonge vya maumivu vinavyomfaa mtu, kama ibuprofeni na diklofenaki, huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu mafigo yake. Parasetamoli nayo huweza kuharibu ini na damu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya kupe ni sumu, na mbwa asipakwe kamwe bila maagizo ya daktari. Vilevile ile sindano iliyobaki baada ya kumtibu ng'ombe isitumiwe. Kipimo cha dawa hufuata uzito wa mnyama na aina yake, na mbwa si ndama mdogo.

JILINDE KWANZA

Mbwa mwenye maumivu huuma, hata kama ni yule aliyelala miguuni pako miaka sita. Kwa hiyo waondoe watoto kwanza. Mtu mmoja amshike kichwa, mwingine atazame. Chukua kitambaa kirefu, zungusha juu ya mdomo wake, funga fundo chini ya kidevu, kisha peleka ncha mbili nyuma ya masikio ukazifunge huko. Lakini usimfunge hivyo mbwa anayetapika, anayepumua kwa shida au aliyevimba uso, maana utamziba pumzi. Vaa glavu, kama huna, tia mikono yako katika mifuko safi ya plastiki. Ukimaliza, nawa kwa sabuni.

Sasa sikiliza neno hili kwa makini. Yuko mbwa ambaye mdomo wake hauwezi kufunga. Taya ya chini imelegea, mate yanadondoka, hawezi kumeza maji, na sauti yake ya kubweka imebadilika. Mwenyewe hudhani mfupa umekwama, au koo limevimba kwa ndani, naye hutia mkono kinywani ili autoe. Usitie! Huenda huyo ana kichaa cha mbwa cha namna ya kimya. Wengi wetu twajua tu mbwa mwenye kichaa anayekimbia ovyo na kuuma kila kitu. Lakini namna ya pili iko: misuli ya taya na ya koo hupooza, na mbwa hutulia pembeni kama mgonjwa wa kuhurumiwa. Mate yake yamejaa vijidudu, na mkwaruzo mdogo kidoleni ni mlango wa kutosha. Mbwa wa namna hiyo mfungie mahali, asiguswe na mtu, ukapige simu mara moja kwa ofisi ya mifugo. Na kama mtu amekwisha kutia mkono kinywani, asingoje habari za mbwa. Afuate maagizo tutakayoyaeleza hapa chini.

MASWALI MATANO

Kama mbwa ni mwenye akili zake, anakutambua na anameza vizuri, basi mtazame. Tenga manyoya kwa vidole na ujiulize maswali haya matano.

1. Uvimbe uko mahali gani? Usoni, kooni, shingoni, tumboni, kitovuni, kwenye matiti, au sehemu za uzazi?

2. Je, una joto na maumivu? Weka kiganja juu yake, kisha weka upande wa pili wa mwili, ulinganishe. Jipu huwa na joto. Uvimbe wa mafuta na nyingi za saratani hazina joto, na mbwa hajali ukizigusa.

3. Ni mgumu au laini? Je, husogea chini ya ngozi, au umeshikamana na nyama na mfupa? Ukiubonyeza polepole, je, hurudi ndani?

4. Umekua kwa muda gani? Kwa dakika, kwa siku, au kwa majuma? Hapa uwe mkweli. Mara nyingi uvimbe tunaouita wa ghafla ulikuwapo mwezi mzima, ila hakuna aliyemshika mbwa.

5. Mbwa mwenyewe yu hali gani? Anakula? Anacheza? Fungua mdomo wake wa juu kidogo utazame ufizi. Ukiwa na rangi ya waridi ni vema. Ukiwa mweupe kama karatasi au wa buluu, hatari imekaribia. Kuna mbwa ambao ufizi wao ni mweusi tangu kuzaliwa. Hao watazame ndani ya kope la chini la jicho.

Majibu ya maswali haya yataugawa uvimbe katika mafungu matatu: wa saa, wa siku, na wa majuma.

FUNGU LA KWANZA: USINGOJE HATA SAA MOJA

Uso na koo kuvimba upesi. Katika sehemu zetu sababu mbili ndizo zinazokuja kwanza: nyuki na nyoka. Mbwa aliyechokoza mzinga huvimba midomo na kope. Kama anapumua vizuri na yu mchangamfu, kwangua miiba ya nyuki kwa ukucha, mpe maji, na mara nyingi kesho yake atakuwa amepungua. Lakini akikoroma, akitapika, akilegea au akiwa ameumwa na nyuki wengi, mpeleke kwa daktari sasa hivi.

Nyoka tunayemwogopa zaidi ni bafe, ambaye wengine humwita kifutu. Ni mnene, mvivu, mwenye rangi ya majani makavu. Hulala njiani na katika mabua ya mahindi, wala hakimbii mtu akija. Mbwa humnusa, naye humwuma puani au mguu wa mbele. Mahali hapo huvimba upesi, huuma sana, na pengine damu hutoka katika matundu mawili. Mvue mbwa ukosi au kamba ya shingoni kabla haijamkaba. Usifunge mguu kwa kamba, usichanje, usifyonze, usipake kitu. Usimtembeze, maana kutembea huisambaza sumu. Mbebe, mtafutie gari au pikipiki, mpeleke. Wala usipoteze wakati kumsaka nyoka. Kazi hiyo yaweza kukuletea mgonjwa wa pili.

Tumbo kujaa ghafla kama ngoma. Mbwa anajaribu kutapika na hakuna kinachotoka, hatulii, anadondosha mate. Hapo tumbo limejaa hewa na pengine limejipinda. Mbwa huyu ana saa chache tu. Hakuna dawa ya nyumbani.

Uvimbe wa kitovuni au kinenani uliokuwa laini na sasa umekuwa mgumu, una maumivu na haurudi ndani. Hiyo ni ngiri iliyobana utumbo. Nayo ni kazi ya daktari siku hiyohiyo.

FUNGU LA PILI: MPELEKE KATIKA SIKU MOJA AU MBILI

Jipu. Hili ndilo la kawaida zaidi. Mwiba wa mgunga, ncha ya waya wa seng'enge au jino la mbwa mwingine huingiza uchafu chini ya ngozi. Tundu la juu hujifunga, na uchafu hubaki ndani. Baada ya siku chache mahali hapo huvimba na kuwa na joto, kisha katikati hulainika. Daktari akilitumbua na kuliosha jipu katika wakati wake, mbwa hupona upesi. Kama limepasuka lenyewe kabla hujafika kwake, tia kijiko kimoja kidogo cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa, ngoja yawe ya uvuguvugu, osha kidonda mara mbili au tatu kwa siku, na kiache wazi usaha utoke. Usikizibe.

Uvimbe chini ya jicho. Katika mbwa mzima mara nyingi huo si ugonjwa wa jicho. Ni jino kubwa la juu lililovunjika na kuoza mizizi, na mifupa migumu ya ng'ombe ndiyo huwavunja wengi. Jicho likitiwa dawa mwezi mzima halitasaidia neno. Jino ndilo litakalotibiwa.

Sikio kuvimba kama andazi. Mbwa mwenye kupe au ugonjwa ndani ya sikio hutikisa kichwa mpaka mshipa mdogo hupasuka, damu ikajaa kati ya ngozi mbili za sikio. Usitoboe. Ukitoboa damu itajaa tena, na uchafu utaingia.

Shingo na kichwa kuvimba pamoja. Tafuta kamba! Mzee mmoja wa upande wa Solai alifika ofisini kwetu na mbwa kijana ambaye kichwa chake kilikuwa kimekuwa kikubwa kama cha ndama. Majirani walikuwa wamemshauri amchome chini ya masikio. Bwana Mifugo alipotenga manyoya aliona uzi wa katani umezama ndani ya nyama. Watoto waliufunga mbwa alipokuwa mdogo, shingo ikakua na uzi haukukua. Uzi ulikatwa, kidonda kikaoshwa na kutiwa dawa, na mbwa akapona. Angalia vilevile mitego ya waya, hasa kama mbwa wako huingia msituni.

Vinundu vingi kwa wakati mmoja: chini ya taya, mbele ya mabega, na nyuma ya magoti. Hayo ni matezi. Yakivimba yote pamoja, ugonjwa si wa ngozi bali ni wa mwili mzima. Huenda ni maradhi yaletwayo na kupe, huenda ni saratani ya matezi. Damu yake lazima ipimwe.

FUNGU LA TATU: USIMWAMSHE DAKTARI USIKU, LAKINI USISAHAU

Kinundu kisicho na maumivu. Katika mbwa mzee chaweza kuwa uvimbe wa mafuta usio na madhara, na chaweza kuwa saratani. Kanuni rahisi ya kukumbuka ni hii: kinundu kilichofikia upana wa punje ya mahindi, yaani sentimita moja, na kimekaa mwezi mmoja, kipimwe. Daktari huingiza sindano nyembamba, huvuta kidogo kilichomo, na kukitazama kwa hadubini. Ni kazi ya dakika chache, na mbwa huumia kama aliyechomwa sindano ya chanjo tu.

Matiti ya jike. Kinundu katika titi la jike asiyenyonyesha kisichezewe. Kiasi cha nusu ya vinundu vya namna hii huwa saratani. Kikiondolewa kikiwa kidogo mbwa hupona mara nyingi. Kikingojewa mpaka kipasuke, saratani yaweza kuwa imefika mapafuni.

Uvimbe wa sehemu za uzazi. Ukiona nyama nyekundu yenye vifundo kama koliflawa, nayo inadondosha damu, usidhani jike yu katika siku zake tu. Kuna saratani ya ajabu ambayo mbwa huambukizana kwa kupandana. Chembe zenyewe za saratani huhama kutoka mbwa mmoja kwenda kwa mwingine na kuota kama mche uliopandikizwa. Wataalamu waliochunguza ugonjwa huu wamegundua kwamba ulianza katika mbwa mmoja tu aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita, na umekuwa ukihama tangu hapo mpaka leo, duniani kote. Hutokea pia puani na mdomoni, kwa kuwa mbwa hunusana na kulambana. Habari njema ni kwamba hutibika vizuri: sindano moja kila juma, kwa majuma kadhaa, nao huisha. Lakini mbwa asiyetibiwa atawaambukiza mbwa wa skimu nzima.

Kitovu cha mtoto wa mbwa. Uvimbe laini unaorudi ndani ukibonyezwa ni ngiri ndogo. Nyingine hujifunga zenyewe. Mwonyeshe daktari siku ya chanjo.

Kinundu baada ya chanjo. Wakulima wengine husema, "Chanjo imemdhuru mbwa wangu." Kinundu kidogo mahali pa sindano si ajabu, na kwa kawaida hupotea katika majuma machache. Kisipopotea baada ya miezi mitatu, au kikizidi kukua, kipeleke kipimwe. Lakini usiache chanjo kwa sababu hiyo, kama utakavyoona sasa.

UVIMBE ULIOTOKANA NA MENO

Tuseme mbwa wako Simba alitoka usiku, akarudi alfajiri, akalala. Hukuona damu. Siku ya nne waona uvimbe wa moto pajani. Wasema, "Umetoka wapi huu?" Jibu ni kwamba Simba alipigana, na jino likaacha tundu dogo lililofichwa na manyoya. Basi swali kubwa si, "Nitautumbuaje?" Swali kubwa ni, "Ni nani aliyemwuma?"

Kama ni mbwa wa jirani unayemjua, mzima, aliyechanjwa, ni heri. Kama ni mbwa mgeni, au mbweha aliyetoka porini, hapo lazima ufikirie kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza katika Kenya mwaka 1912, kwa mbwa aliyekuwa karibu na Nairobi, na tangu hapo haujaondoka. Mbwa aliyeumwa na mnyama mwenye kichaa haugui siku hiyo. Kwa kawaida dalili hutokea baada ya majuma mawili mpaka miezi kadhaa. Wakati huo jipu limekwisha kupona, mwenyewe amesahau, na watoto wanacheza na Simba kama desturi. Dalili zikisha kuonekana, hakuna dawa ya kumponya mbwa, na mtu naye hali kadhalika.

Katika skimu hatari hii yatuhusu sana. Zamani shamba moja la mlowezi lilikuwa na maelfu ya ekari na mbwa wachache. Tangu Skimu ya Ekari Milioni ilipoanza mwaka 1962, mashamba hayo yamegawanywa na kugawanywa tena, na leo boma laitazama boma. Mbwa wa Subukia, Bahati, Njoro na Molo hukutana kila usiku. Ugonjwa wa mbwa mmoja ni ugonjwa wa kijiji.

Kwa hiyo, mbwa mwenye uvimbe au kidonda cha kuumwa, fanya hivi. Vaa glavu, maana mbwa hulamba kidonda chake na mate hubaki juu yake. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, umweleze wazi kwamba hujui aliyemwuma. Daktari ataamua kumwongezea chanjo mara moja, na atakuambia umfungie kwa muda gani. Ufuate muda huo, hata kama jipu limepona na mbwa anakulilia.

Na mtu akiumwa, akikwaruzwa, au mate yakiingia katika kidonda chake au jichoni, haya ndiyo ya kufanya:

Osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kwa saa. Kama ni jicho, lioshe kwa maji safi mengi bila sabuni. Usipake pilipili, udongo wala mafuta ya taa. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Sindano hutolewa kwa zamu, nazo sharti zimalizwe zote. Dawa hii si jambo la kubahatisha: Louis Pasteur wa Ufaransa alimchanja mtoto Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, mwaka 1885, na mtoto akaishi. Tangu hapo chanjo imeboreshwa sana, nayo huwaokoa watu wanaoiwahi.

Mbwa aliyeuma mtu asiuawe kwa hasira. Kama yu hai na aweza kufungiwa bila hatari, afungiwe siku 10 akiangaliwa na mtaalamu. Lakini mtu asingoje siku hizo ndipo aende hospitali. Mbwa akifa, kichwa chake kisipondwe wala kuchomwa moto, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa katika maabara ya mifugo, kama ile ya Kabete. Mtaalamu ndiye atakayekichukua. Na kumbuka kwamba Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365 ya Sheria za Kenya, yamtaka mwenye mnyama anayeshukiwa apeleke habari kwa wenye mamlaka. Kumficha mbwa mgonjwa si upole.

Serikali ya Kenya ilitoa mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Msingi wake ni kuchanja angalau mbwa 7 katika kila 10. Jirani zetu wa Laikipia walianza mwaka 2015 kampeni ya kuchanja mbwa wa vijijini, wataalamu na watu wa kujitolea wakifanya kazi pamoja. Wao wana wanyama wa porini na mbwa wengi kama sisi. Walichoweza wao, sisi pia twakiweza.

WAPI PA KUPELEKA MBWA

Tangu mwaka 2013 kazi ya afya ya mifugo mashambani imo mikononi mwa serikali za kaunti. Uliza ofisi ya mifugo ya wadi yako au ya kaunti ndogo, na nambari ya simu yake uiandike ukutani leo, si siku ya msiba. Mtu anayeuza dawa katika duka la agroveti si lazima awe daktari. Kwa sheria ya mwaka 2011, daktari wa mifugo na msaidizi wake lazima wawe wameandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Si utovu wa adabu kumwuliza mtu cheti chake kabla hajamdunga mnyama wako.

Nenda na karatasi yenye habari hizi: siku ulipouona uvimbe, mahali ulipo, ukubwa wake, ukilinganisha na punje ya mahindi, haragwe au yai la kuku, kama umekua, chanjo ya mwisho ilikuwa lini, na dawa gani umempa. Kama umekwisha kumpaka kitu, sema. Daktari hakuja kukuhukumu, amekuja kutibu, na hawezi kutibu asichokijua.

Najua utasema, "Safari ni ghali." Ni kweli. Basi shaurianeni na majirani, au katika chama chenu cha maziwa, mkamwite daktari siku moja kwa mbwa wote wa kijiji. Chupa ya chanjo mara nyingi huwa na vipimo vya mbwa kadhaa, na gharama ya njia ikigawanywa kwa maboma kumi si mzigo tena. Siku hiyohiyo vinundu vitazamwe, na majike msiotaka wazae wafungwe uzazi. Jike aliyefungwa uzazi mapema haelekei kupata saratani ya matiti, wala hawavuti madume kumi ya kupigana langoni pako.

KAZI YA JUMAPILI HII

Chukua dakika tano, umshike mbwa wako mahali penye mwangaza. Anza mdomoni na masikioni, shuka shingoni chini ya ukosi, pitisha vidole mabegani, mbavuni, tumboni na kwenye matiti, nyuma ya magoti, katikati ya vidole, na chini ya mkia. Toa kupe. Ukikuta kinundu, kipime kwa uzi, funga fundo penye mwisho wake, weka uzi huo katika bahasha na uandike tarehe. Mwezi ujao pima tena. Uzi hautasahau kama sisi tunavyosahau.

Kisha tafuta cheti cha chanjo ya kichaa. Mtoto wa mbwa huchanjwa akitimiza miezi mitatu, na baada ya hapo kila mwaka. Kama cheti hakipo, au mwaka umepita, piga simu Jumatatu asubuhi.